Kugawa lengo kubwa: hatua ndogo ni ipi hasa?

Kugawa lengo ni kulivunja jambo kubwa mpaka upate kazi zenye mwanzo na mwisho, ambazo hata jirani akipita anaona kama zimekwisha au bado. "Kuandaa shamba" haijawa hatua, bado ni lengo lililojificha ndani ya lengo. "Kufyeka upande wa barabarani mpaka kwenye mbuyu, Jumamosi iwe tayari" ni hatua.

Kosa linalowaangusha wengi ni kugawa kwa hesabu tupu. Mtu anataka akiba ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka, anagawa kwa 12, anapata 100,000 kila mwezi. Mwenye mshahara pale Mtumba, kwenye ofisi za serikali Dodoma, anaweza kufika. Mkulima wa Chamwino au Bahi, wilaya za mkoa huohuo, hafiki, maana mvua za huku Dodoma ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na pesa inakuja baada ya mavuno. Januari ina palizi na mahitaji ya shule, hiyo 100,000 ataitoa wapi? Atajiona mzembe, kumbe mgawanyo wenyewe ndio mbovu. Angepanga kuweka sehemu kubwa wakati wa kuuza mazao, na miezi ya kilimo asijiwekee kiasi chochote.

Tuchukue eka moja ya alizeti. Mgawanyo unaanzia mwisho na kurudi nyuma. Unataka mbegu zijae mvua ikiwa bado ipo, kwa hiyo kupanda kuwe nusu ya pili ya Desemba au mwanzoni mwa Januari. Basi shamba liwe limelimwa kabla ya hapo, na mwenye trekta au plau awe ameshapatana nawe Novemba, kabla foleni haijaanza. Mbegu nazo, kama kilo 2 kwa eka, ziwe ndani mwezi huohuo. Zijaribu: hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, zikague baada ya wiki. Zikiota chini ya 80, una muda wa kutafuta nyingine. Jaribio hilo ni hatua ndogo kabisa, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Palizi ndiyo inayokatisha tamaa, kwa hiyo inastahili kukatwa vizuri. Eka ya hatua za miguu 70 kwa 70 ina upande wa takriban mita 64. Ukipanda mstari hadi mstari sentimita 75, na shimo hadi shimo sentimita 30, unapata mistari kama 85. Palizi ya kwanza inatakiwa wiki ya pili au ya tatu baada ya mimea kuchomoza, pamoja na kupunguzia ubaki mche mmoja kila shimo. Ukijipa siku 10, ni mistari 8 au 9 kwa siku. Choma kijiti pale ulipoishia. Kesho asubuhi huanzi kwa kuangalia shamba zima na kuchoka kabla ya kushika jembe. Aliyepanda kwa kutawanya hana mistari ya kuhesabu, hivyo hata kujua amebakiza kiasi gani ni kazi.

Hatua ukiiahirisha mara mbili, iangalie upya. Mara nyingi bado ni kubwa, au kuna kitu kinachotakiwa kabla yake ambacho hukukiandika: jembe halina mpini, hujaulizia bei, unamngoja mtu. Hicho kinachokosekana ndicho hatua yako ya leo. Lakini usikate kupita kiasi pia. Orodha ya mambo 60 ni mzigo mpya, na nusu yake itabadilika mvua zikianza. Vunja kwa undani kazi za wiki mbili zijazo tu. Za mbele ziandike kwa majina makubwa na tarehe ya mwisho.

Mvua ikichelewa, usisogeze mpango wote mbele kama ulivyo. Alizeti ya Februari itakaukiwa wakati wa kujaza mbegu. Punguza eneo: panda nusu eka, hiyo mistari 42 uipalilie kwa wakati, na mbegu iliyobaki ihifadhi pakavu.