Vijiji vya wavuvi vya Vestfirðir kwa siku moja: yanayodhaniwa na yalivyo

Vestfirðir ni rasi ya kaskazini-magharibi mwa Iceland, ile ambayo kwenye ramani inafanana na kiganja chenye vidole vilivyoachana. Kati ya kidole na kidole bahari imeingia ndani. Huo ndio fjörður, mkono mwembamba wa maji uliobanwa na milima iliyo bapa juu kama meza. Mji mkubwa ni Ísafjörður, wenye watu wasiofika 3,000. Ziara nyingi za siku moja huanzia hapo, iwe kwa wanaofika kwa ndege ndogo kutoka Reykjavík au kwa abiria wanaoshuka kwenye meli za kitalii. Haya ndiyo wageni huja nayo kichwani.

Dhana: Vijiji viko mbali mno, siku moja haitoshi.

Kwa barabara za zamani, kweli. Siku hizi gari hupita ndani ya mlima. Handaki la Vestfjarðagöng, lililofunguliwa 1996, lina kilomita 9 na ushei na matawi matatu: moja linatokea upande wa Ísafjörður, moja Suðureyri, moja Flateyri, nayo hukutana kwenye njia panda iliyo tumboni mwa mlima. Bolungarvík ilipata handaki lake la kilomita 5.4 mwaka 2010. Kabla ya hapo watu walipita Óshlíð, barabara iliyokatwa kwenye jabali juu ya bahari, mawe yakiwaangukia kiangazi na theluji masika na kipupwe. Mwaka 2020 likafunguliwa Dýrafjarðargöng, kilomita 5.6, linalofupisha safari ya kuelekea kusini.

Kwa hiyo Bolungarvík, Suðureyri na Flateyri huingia kwenye ziara ya saa nne au tano bila kukimbizana. Maporomoko ya maji ya Dynjandi, yanayoshuka mita 100 yakipanuka kama shela la bibi harusi, yako zaidi ya saa moja kutoka Ísafjörður. Anayeyataka pamoja na vijiji achukue ziara ya siku nzima, la sivyo kila kituo kitakuwa cha kupiga picha na kupanda basi.

Anayeendesha mwenyewe ajue jambo moja. Matawi ya Suðureyri na Flateyri yana njia moja tu, na magari ya pande zote mbili hutumia lami ileile. Pembeni kuna vidaka vya kupishana, vyenye alama ya herufi M. Vikiwa upande wako wa kulia, wewe ndiye unayempisha mwenzako. Kosa la wageni ni kuendelea hadi taa za mbele zikaribie. Gizani mwendo wa gari linalokuja haupimiki kwa macho, na ukishtuka umeshakipita kidaka, itakubidi urudi kinyumenyume. Ukiona taa, hata kama ni nukta mbili tu, ingia kidaka kilicho karibu, shusha taa, ngoja. Na kwa aliyezoea kuendesha Dar es Salaam au Mombasa: Iceland hupita kulia.

Dhana: Kile kilima chenye umbo la A juu ya Flateyri ni ngome ya kale.

Ni kinga ya maporomoko ya theluji, iliyojengwa miaka ya 1990 mwishoni. Usiku wa Oktoba 26, 1995, theluji ilishuka kutoka korongo la juu ya kijiji ikaua watu 20. Januari ya mwaka huohuo Súðavík, kijiji cha upande wa pili wa Ísafjörður, kilipoteza watu 14 kwa namna hiyohiyo. Flateyri ikajengewa kuta mbili za udongo na mawe, kimo cha mita 15 hadi 20, zilizokutana juu mfano wa kabari. Kazi yake si kuisimamisha theluji, ni kuipasua na kuielekeza baharini pande zote mbili za nyumba. Januari 2020 maporomoko mawili yalishuka. Kuta zilifanya sehemu kubwa ya kazi, ila theluji kiasi ilivuka, ikafunika nyumba moja ambamo msichana alifukuliwa akiwa hai, na boti kadhaa zikaharibiwa bandarini. Unaweza kupanda juu ya ukuta kwa miguu. Ukisimama pale utaelewa kijiji kuliko maelezo ya mtu yeyote: mlima mgongoni, bahari mbele, na ulimi wa changarawe katikati. Ulimi huo ndio *eyri*, neno linalomalizia majina ya Flateyri, Suðureyri na Þingeyri.

Dhana: Iceland ni barafu tupu, kwa hiyo vaa koti zito kuliko yote.

Barafu ya kudumu hufunika takriban sehemu moja ya kumi ya nchi. Mkondo wa bahari ya vuguvugu hufanya Januari ya vijijini icheze karibu na nyuzi sifuri, na Julai wastani wake ni nyuzi 10 hivi. Kinachomuumiza mgeni ni upepo uliochanganyika na maji. Koti moja zito la pamba likilowa halikaushiki siku hiyo. Vaa tabaka tatu: fulana ya sufu mwilini, sweta katikati, na juu koti jepesi lisilopitisha upepo wala mvua. Mwavuli uache nyumbani.

Upepo huko hutajwa kwa mita kwa sekunde. Ukisikia 15, hiyo ni kilomita 54 kwa saa, na gari refu huanza kuyumba. Uegeshe gari pua ikitazama upepo, ushike mlango kwa mikono miwili unapofungua, na msifungue milango miwili kwa pamoja. Mlango ukipokonywa, bawaba hupinda, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi uharibifu huo. Ziara ikiahirishwa kwa sababu ya upepo, usimnunie kiongozi.

Dhana: Chakula chao ni papa aliyeoza.

Hákarl, papa wa Greenland aliyevundishwa kisha akaning'inizwa miezi kadhaa, yupo kweli. Huvundishwa kwa sababu nyama yake mbichi ina sumu. Lakini ni kionjo cha sikukuu za kipupwe na cha kuwapima watalii. Kinacholiwa kila siku ni harðfiskur, samaki mkavu, binamu wa ng'onda ila hana chumvi nyingi. Minofu huning'inizwa kwenye kibanda cha mbao chenye nafasi kati ya ubao na ubao, wiki kadhaa, wakati hewa iko karibu na kuganda: nzi hawapo, nyama haiozi, upepo hunywa maji yote. Mgeni hukosea kwa kumng'ata kama biskuti. Mchane kufuata nyuzi zake, upate kipande cha upana wa kidole, mpake siagi, kisha mtafune polepole hadi alainike. Vichwa vya samaki huko havitupwi. Hukaushwa kwa joto la ardhini na kusafirishwa Nigeria, ambako ni kiungo cha mchuzi.

Kwa asiyekula nguruwe: soseji za kwenye vituo vya mafuta, zinazosifiwa kuwa za kondoo, kwa kawaida zina kondoo, ng'ombe na nguruwe pamoja. Supu ya kondoo, kjötsúpa, ni chaguo la usalama zaidi, lakini uliza.

Dhana: Vijiji hivi ni makumbusho, uvuvi umekwisha.

Makumbusho ipo, Ósvör ya Bolungarvík: kibanda cha mawe na majani, mashua ya makasia sita, na mavazi ya ngozi ya kondoo yaliyopakwa mafuta ya ini la samaki yasipitishe maji. Ila bandarini kazi inaendelea. Ni kweli mfumo wa mgawo wa samaki, ulioanza 1984 na baadaye kuruhusu mgawo uuzwe, uliviachia vijiji kadhaa meli bila haki ya kuvua. Tangu 2009 wenye boti ndogo wana msimu wao, strandveiðar, Mei hadi Agosti: safari moja kwa siku isiyozidi saa 14, mashine nne tu za mishipi, na kikomo cha kilo mia saba na kitu za þorskur, yule samaki mweupe anayelisha pwani yote hiyo. Ndiyo maana asubuhi za msimu huo bandari ni tupu, na alasiri forklifti hazina muda na mtalii aliyesimama njiani na kamera. Simama nyuma ya mstari wa rangi.

Yale maduara makubwa yanayoelea ndani ya fjörður ni vizimba vya salmoni, jambo ambalo wenyeji wanabishania. Na ngozi ya þorskur, iliyokuwa takataka, huko Ísafjörður hutengenezwa kuwa kiraka cha kutibu vidonda. Kampuni iliyobuni hilo, Kerecis, ilinunuliwa na Wadenmaki mwaka 2023 kwa takriban dola bilioni 1.3.

Dhana: Bwawa lina klorini, kuoga kabla si lazima.

Ni lazima, kwa sabuni, bila nguo ya kuogelea. Bwawa la Suðureyri, la wazi na lenye maji ya moto ya ardhini, halina mzaha kwa hilo. Mabwawa ya Iceland hutiwa klorini kidogo, kwa hiyo usafi unategemea waogaji. Viatu huvuliwa mlangoni, osha kichwa, makwapa, sehemu za siri na miguu, ndipo uvae. Ukitoka jikaushe kabla ya kurudi kwenye makabati. Baadhi ya mabwawa yana kijichumba chenye pazia kwa mwenye haya.

Dhana: Iceland haimo Umoja wa Ulaya, visa ya Schengen haihusiki.

Imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, tangu 2001. Mtego uko kwa abiria wa meli: Uingereza na Greenland haziko Schengen. Meli ikitoka Ísafjörður kwenda Greenland kisha ikarudi Reykjavík, visa ya kuingia mara moja imekwisha kazi.

Dhana: Hakuna mnyama wa kuogopa.

Dubu wa barafu huletwa na mabarafu kutoka Greenland mara chache sana. Atakayekushughulikia wewe ni kría, ndege mweupe mwenye kofia nyeusi, atagaye juu ya changarawe karibu na bandari kuanzia Mei mwishoni. Ukikaribia kiota atakushukia na mdomo mwekundu mkali, na hulenga sehemu ya juu kabisa. Inua fimbo au mkono juu ya kichwa, umwachie huo, urudi taratibu ukiangalia chini usikanyage mayai.