Kocha wa chuo Marekani akitimuliwa, malipo huendelea

Novemba 2023, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimtimua Jimbo Fisher, kocha mkuu wa timu yake ya futiboli ya Kimarekani. Wengi huamini kocha akifukuzwa, mshahara hukoma siku hiyohiyo. Fisher aliondoka akikidai chuo zaidi ya dola milioni 75.

Mkataba wake wa mwishoni mwa 2017 ulikuwa wa miaka 10 na dola milioni 75, zote zikiwa na dhamana, yaani zingelipwa hata akifukuzwa. Mwaka 2021 chuo, kwa hofu ya kunyang'anywa kocha, kikamwongezea muda hadi 2031. Ile miaka tunayoisoma kwenye habari za usajili haimaanishi kocha atakaa muda huo. Ni kipimo cha deni akiondolewa mapema. Fisher alipangiwa zaidi ya dola milioni 19 ndani ya siku 60, kisha milioni 7 na ushee kila mwaka hadi 2031.

Basi akipata kazi kwingine, deni litapungua? Kwa mikataba mingi, ndiyo: kocha hutakiwa kutafuta kazi, na anachopata huko hukatwa. Wa Fisher haukuwa na kifungu hicho, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uzembe mkubwa wa chuo.

Si kweli pia kwamba kila anayefukuzwa hulipwa. Mel Tucker, kocha wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Michigan State, alikuwa na mkataba wa dola milioni 95. Septemba 2023 chuo kilimwondoa kikisema amevunja masharti ya maadili, na kikakataa kumlipa karibu milioni 80 zilizobaki.

Kocha naye hajiondokei bure. Kocha Rich Rodriguez alipohama Chuo Kikuu cha West Virginia kwenda kile cha Michigan mwaka 2007, West Virginia ilimdai dola milioni 4 kwa kuvunja mkataba. Baada ya kesi, Michigan ilitoa milioni 2.5 na yeye 1.5.

Je, ni kodi za wananchi zinazolipa? Texas A&M ilisema fedha za Fisher zingetoka idara ya michezo na kwa wafadhili wake. Sawa, lakini kinachoniuma ni wachezaji. Vyuo viliruhusiwa kuwagawia mapato moja kwa moja Julai 2025 tu, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa wanamichezo wote wa chuo kizima.