Tuzo ya Sauti Si Tuzo ya Sabufa

Juzi barazani Kibokoni, kahawa haijapoa hata kikombe cha kwanza, kijana mmoja wa mtaani akanigeukia. "Ami, wewe si fundi wa sauti? Hebu waambie hawa. Dune ya pili ilichukua Oscar ya sauti kwa ule muziki wa Hans Zimmer. Viti vilikuwa vyatetema!" Wenzake wakaitikia kama maamuma. Nikafungua kinywa, neno likamezwa na kicheko. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile kuambiwa maneno yale yale. Ya kwanza alikuwa mteja, ya pili shemeji yangu, tena shemeji akanionyesha na klipu kwenye simu, spika ya simu! Nikanyanyuka nikaenda zangu nyumbani.

Nianze na Zimmer, maana hilo ni fupi. Muziki wa filamu una tuzo yake mbali. Na muziki wa Dune: Part Two haukushindania hata hiyo: Academy, chama kinachotoa Oscar, iliukataa kwa kuwa sehemu kubwa mno ilitoka kwenye filamu ya kwanza, ile ambayo Zimmer alikwisha kuishindia mwaka 2022. Usiku ule wa Machi 2025, tuzo ya sauti walipewa Gareth John, Richard King, Ron Bartlett na Doug Hemphill. Hao si watunzi. Tuzo ya muziki ilikwenda kwa Daniel Blumberg wa The Brutalist. Zimmer alikuwa hayumo. Basi.

Sasa hilo la viti kutetema, ambalo ndilo linalonichemsha. Kutetemesha kiti hakuhitaji kipaji, kunahitaji spika ya kukodi. Waulizeni wanaokaa jirani na kumbi za harusi. Kazi iko katika kile kinachotangulia mtetemo. Dune ile niliitazama mara mbili kwenye sinema Nyali, na mara ya pili nilifumba macho karibu nusu ya filamu (mke wangu alidhani nimelala, akanifinya). Kabla Paul, shujaa wake, hajalipanda lile linyoo la jangwani, sikilizeni palivyo patupu: upepo, pumzi, na kile kidude kinachogonga mchanga. Wamekunyima sauti makusudi. Sikio likishazoea uchache, kitu kidogo kikija huwa kikubwa, na kikubwa kikija unashika mkono wa kiti. Kwenye filamu ya kwanza mafundi walifika hadi kuchanganya mchanga na Rice Krispies ili hatua zitoe mlio wa kukwaruza. Chakula cha asubuhi cha watoto! Hakuna kiti kilichotetemeka kwa hilo, lakini ukiliondoa, jangwa linageuka kuwa ufuo wa kawaida.

Mwaka jana nilimalizia video ya harusi ya Bondeni. Mama wa bibi harusi akaniambia, "Mwanangu, sauti iwe juu kila mahali, sitaki kukosa kitu." Nikamfanyia alivyotaka. Ngoma juu, MC juu, vigelegele juu, hata khutba ya nikaha juu. Wiki moja baadaye akanipigia: "Mwanangu, mbona vigelegele vya dada yangu havisikiki?" Vitasikikaje, mama, na hakuna kilichoachwa chini?

Nakubali, watu wamechanganyikiwa kwa sababu. Zamani tuzo zilikuwa mbili, ya kuhariri sauti na ya kuchanganya sauti. Mwaka 2020 ndio uliokuwa wa mwisho: Ford v Ferrari ikachukua ya kuhariri, filamu iitwayo 1917 ikachukua ya kuchanganya. Kuanzia 2021 zikaunganishwa. Sasa aliyenasa sauti juani, aliyehariri sauti gizani na aliyekaa kwenye meza ya miksi, ya kuchanganya sauti, miezi kadhaa wote wanagombea sanamu ya aina moja. Naona walikosea, ila hata sisi wenyewe mafundi hatukubaliani juu ya hilo.

Kitu ambacho siwezi kumweleza mtu akaamini mpaka nimvishe hedifoni ni kwamba kila chumba kina kimya chake. Nyumba ya Mji wa Kale, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti, kimya chake ni kizito, kama mtu aliyeinama sikioni mwako. Nyumba mpya ya Bamburi yenye vigae mpaka ukutani, kimya chake kinalia kama bilauri. Ndiyo sababu kila onyesho likiisha naomba watu wote wasimame walipo kwa nusu dakika, asikohoe mtu, ninase chumba kitupu. Wananiona mwendawazimu. Mwigizaji ameshavua viatu, mshika taa anatafuna sambusa, simu ya mtu inalia qaswida. Na nusu dakika ile ndiyo nitakayoitandika chini ya maneno yote kama mkeka, mikato isionekane. Isisikike, nilitaka kusema. Unaona, hata lugha yetu ya kazi tumeazima kwa macho.

Kuna tamthilia niliyoifanyia kazi, onyesho la talaka, ndani ya nyumba. Mwigizaji alilia machozi ya kweli mara moja tu, na mara hiyo hiyo kunguru akalia juu ya neno "naondoka". Mnawajua kunguru wa Mombasa. Mtayarishaji akasema acha, watazamaji wamewazoea. Wamewazoea, ndiyo, lakini kunguru yule alikuwepo kwenye picha ya mke na hayupo kwenye picha ya mume anayejibu. Analia upande mmoja wa chumba na upande wa pili amekufa. Kumrudisha dada yule studio akaseme upya nilijaribu, akasema vizuri sana, kama anayesoma taarifa ya habari. Mwishowe sikumtoa kunguru. Niliongeza wengine. Nilipanda darini alfajiri na kinasa sauti, nikarudi nao, nikawatawanya mwanzo hadi mwisho wa onyesho, mmoja mbali, wawili karibu, ili yule wa "naondoka" awe na jamaa zake. Mwelekezi alipoisikia akanipa mkono: "Wale kunguru wa huzuni, wazo zuri." Nikasema ahsante.

Ndiyo maana nikiulizwa filamu ya sauti ya miaka hii, sitaji Dune. Nataja The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, iliyochukua tuzo hii mwaka 2024 kwa kazi ya Tarn Willers na Johnnie Burn, ikaipiku Oppenheimer yenye bomu lake la atomiki. Ni maisha ya nyumbani ya Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Nyumba na kambi zinatenganishwa na ukuta. Yanayotendwa ndani ya kambi hamtayaona, mtayasikia tu.

Mara ya kwanza niliitazama ndani ya basi la Nairobi, kwa hedifoni za mia mbili. Nikaizima kabla ya Voi. Watu wanamwagilia maua, nikasema, Wazungu wana muda. Huo ndio ukweli, na mimi ndiye fundi. Miezi kadhaa baadaye nikairudia nyumbani saa saba usiku, dirisha nimefunga, pangaboi nimelizima, jasho linanitoka kama niko hamamu. Ikawa filamu nyingine kabisa. Mtoto anacheza, nyuma yake kuna mngurumo usiokatika, kama kinu, kisha mlio mkavu wa bunduki, mbali, kisha sauti ya mtu, nusu tu ya ukelele. Hakuna anayegeuza shingo mezani. Na hapo kwenye kiwango ndipo penye kazi. Ingepandishwa desibeli chache, ingekuwa filamu ya kutisha kama nyingine zote. Ingeshushwa chache, ungekuwa uvumi wa mashine. Wameiweka pale ambapo unaweza kuisikia au kuiacha, ni hiari yako. Kama saa nzima ilikuwa imepita nilipogundua kwamba nimeacha kuusikia ule mngurumo. Nilirudisha nyuma nikidhani umeondolewa. Ulikuwepo muda wote.

Oppenheimer nayo isionewe. Wakati wa jaribio la bomu mwanga unafika kwanza, kisha pumzi tu, na kishindo kinachelewa, kama radi inavyochelewa nyuma ya umeme. Ni fizikia ya darasa, sauti huchukua karibu sekunde tatu kwenda kilomita moja, na ni ujasiri pia. Sema mazungumzo yake mengine yanazama, na mwelekezi wake, Nolan, hapendi kuwarudisha waigizaji studio. Nimeitazama na maandishi chini ya picha kama ya Kihindi.

Hapa niwape kijana wa barazani na wenzake haki yao. Wanaoteua filamu za tuzo hii ni tawi la mafundi wenyewe, lakini mshindi huchaguliwa na wanachama wote wa Academy, watu kama elfu kumi: waigizaji, washona nguo, wapodoaji. Wangapi kati yao walisikiliza kwenye ukumbi wa maana, na wangapi sebuleni huku mbwa anabweka? Hadi Aprili 2025 hapakuwa na sharti la jumla kwamba ni lazima uwe umezitazama filamu zote za kundi ndipo upige kura ya mwisho. Mwaka 2019 Bohemian Rhapsody ilibeba tuzo zote mbili za sauti. Kazi safi, sina ugomvi nayo, lakini mnadhani wote waliopiga kura walikuwa wanasikiliza miksi, au walikuwa wanaimba? Huenda kijana amekosea juu ya kazi yetu na amepatia juu ya wapiga kura. Hilo linaniudhi kuliko kosa lake.

Kwenye orodha ya 2025 mbili zilikuwa za waimbaji waliorekodiwa wakiimba pale pale mbele ya kamera, Wicked na A Complete Unknown. Hilo ni gumu kuliko mnavyodhani: maiki unaificha wapi kwenye gauni lile, na upepo wa mashine, na waya? Lakini nikiri: nimekaa na Wicked hedifoni masikioni nikijaribu kusema huu ni mstari wa pale pale na huu ni wa studio, na sikuweza. Ama wamefanya kazi nzuri kupindukia, ama masikio yangu ya miaka arubaini na saba yameanza kuniaga. Sauti nyembamba za juu sizisikii tena kama zamani. Mafundi wa umri wangu hatulisemi hili mbele ya wateja.

The Brutalist ilizua kelele nyingine, pale mhariri wake David Jancsó alipoeleza kwamba walitumia programu ya akili bandia, Respeecher, kunyoosha matamshi ya Kihungari. Watu wakasema mwigizaji wake mkuu, Adrien Brody, anyimwe tuzo (hakunyimwa). Mimi nilinyamaza, kwa sababu programu za kusafisha upepo na tuktuk ninazotumia kila siku nazo zina akili hiyo hiyo ndani. Kisha nikaletewa filamu fupi: mwigizaji wa bara anacheza nahodha wa Mombasa, anasema "njoo" na "macho" kama mtangazaji, wakati mzee wa hapa angesema "ndoo" na "mato". Nikaulizwa, huwezi kumgeuza? Kumgeuza kitaalamu, pengine naweza. Nilikataa, nikasema mwacheni akae wiki moja na wavuvi. Lakini kama wangeniomba nitengeneze herufi moja tu, ile "t" yetu ya menoni ambayo mgeni haiwezi hata akae mwaka? Kunguru niliwahi kuwaongeza wengi tu. Sijui mstari uko wapi, na anayewaambia anaujua mwulizeni anatumia programu gani.

Iliyoniuma ni Flow, ya Latvia, ya yule paka na mafuriko. Ilishinda kama katuni bora mwaka 2025, ila kwenye sauti hata kuteuliwa haikuteuliwa. Dakika themanini na kitu bila neno hata moja, wanyama wamepewa sauti za wanyama wa kweli, hadithi yote imebebwa na masikio, na mafundi wenzangu wa tawi wakapita. The Wild Robot iliteuliwa, na Lupita wetu ndani yake ni mzuri, sibishi. Lakini Flow! Yule kapibara, yule mnyama mnene mpole, sauti yake halisi ilikuwa nyembamba, haikulingana na mwili, basi wakampa sauti ya mtoto wa ngamia. Ukiitazama huna habari. Unaamini tu.

Niliposoma hilo nilichukua kinasa sauti Jumapili asubuhi, nikaenda ufuo wa Pirates kwa wale ngamia wa kupandisha watalii. Mwenyewe akanitajia bei ya kupanda. Nikamwambia sipandi, nataka kumsikiliza. Akanitazama, akataja bei ile ile. Nikalipa, nikamsogezea ngamia maiki mdomoni, nikasubiri. Hakunguruma, hakulia, hakutoa hata kohozi. Alitafuna tu. Ninao huo mtafuno, dakika sita safi, bila kunguru hata mmoja, na natafuta mahali pa kuutia.