WBC yako iko juu? Usiikimbilie kongosho

Karatasi ya FBP, kipimo cha picha nzima ya damu, ikitoka maabara, jicho la kwanza hutua kwenye ile H (yaani iko juu) pembeni mwa WBC, chembe nyeupe za damu. La pili hutua Google, na huko ndiko saratani inakoanzia.

Dhana: Chembe nyeupe zikipanda, saratani ya kongosho inanyemelea.

Ukweli: Mtu mzima kwa kawaida ana takriban 4,000 hadi 11,000 katika kila maikrolita ya damu. Jino lenye usaha huzipandisha, nimonia vilevile, hata ujauzito. Sigara nayo huzipandisha, na sigara hiyohiyo huongeza hatari ya saratani ya kongosho karibu mara mbili. Kwa hiyo ukiona mambo hayo mawili yameongozana, usidhani moja limezaa jingine.

Isitoshe, uvimbe wenyewe huivuruga damu, na unaweza kujijenga kimyakimya kwa zaidi ya miaka 10. Damu ya mtu aliyekwisha kuugua haikuambii kilichotangulia. Ndiyo maana utafiti wa EPIC uliandikisha zaidi ya watu 500,000 katika nchi 10 za Ulaya miaka ya 1990, ukagandisha damu ya wengi wao, kisha ukasubiri kuona nani ataugua.

Viwango vya Ulaya navyo tuvichukue kwa tahadhari: Waafrika wengi wana neutrofili (aina mojawapo ya chembe nyeupe) chache kwa kuzaliwa, kwa sababu ya jeni ya Duffy, na wako wazima kabisa.

Dhana: Kunywa vya kuongeza kinga, saratani ikukimbie.

Ukweli: Kinga ina askari na ina wanaowashika askari mkono wasipitilize. Hao wa pili, seli T dhibiti, Shimon Sakaguchi wa Japani aliwaeleza mwaka 1995, na 2025 akawa mmoja wa watatu waliopata Nobeli. Bila wao mwili hujishambulia. Ndani ya uvimbe wa kongosho, lakini, hujazana na kuulinda. Sasa hiyo chupa ya elfu hamsini inaongeza wepi?

Dhana: FBP safi, kongosho salama.

Ukweli: Hapana. Saratani hii inaweza kuwepo na FBP isioneshe kitu. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, nguo zikaanza kupwaya, au kisukari kikazuka ghafla ukubwani, mwone daktari akuamulie kama unahitaji ultrasaundi au CT scan.