Balbu za njano hazipenyi ukungu kuliko nyeupe

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya wenye magari ya zamani: weka balbu za njano mbele, kwa kuwa njano hupenya ukungu, na ndiyo maana Ufaransa ililazimisha taa hizo kwa miaka mingi.

Habari ya Ufaransa ni nusu kweli. Sharti hilo lilianza miaka ya 1930 na likaondolewa kwa magari mapya mwaka 1993, lakini hoja kuu ilikuwa kupunguza kuwaumiza macho madereva wanaokuja mbele. Ukungu ni suala jingine. Matone yake ni makubwa mara nyingi kuliko urefu wa wimbi la mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Hilo unaweza kulihakiki kwa macho: ukungu ni mweupe. Ungekuwa unazuia bluu na kupitisha njano, ungeonekana wa samawati, kama moshi mwembamba.

Kinachochanganya watu ni taa za ukungu zenyewe. Nyingi za zamani zilikuwa za njano, na zilisaidia kweli. Ila msaada ulitokana na kufungwa chini na kumulika kwa upana bila kurusha mwanga juu. Simama mahali salama usiku wa ukungu, washa fulu inayorusha mwanga juu, kisha dimu inayomulika chini, utaona tofauti.

Njano si kosa kila mahali. Uingereza hukubali taa kubwa nyeupe au za njano, mradi zote mbili zifanane. Soma sheria za nchi yako kabla ya kununua balbu, na ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.