Takwimu za Kweli Nazo Hupotosha

Juzi nimetumiwa tena mchoro wa nguzo unaoonyesha uchumi wa nchi "ukiporomoka", na chini yake maneno ambayo nimeshayasoma mara nyingi mno: "Takwimu ni rasmi, nimehakiki mwenyewe." Nguzo ya kwanza ilikuwa ndefu, ya mwisho theluthi yake tu. Nikatazama pembeni: mhimili wa wima ulianzia 4.6, si sifuri. Ukuaji ulikuwa umetoka asilimia 5.2 hadi 4.8. Yaani uchumi ule ulikuwa bado unakua. Nambari zote mbili ni sahihi, na kila aliyeutazama mchoro aliona nchi inazama.

Nimeshinda na hesabu za taifa kwa miaka mingi, na imani hii ya kwamba ukishahakiki nambari umeshajikinga inanichosha kweli. Wapo wanaotunga nambari. Argentina, kuanzia 2007, serikali iliingilia ofisi ya takwimu, na mfumuko wa bei ukawa unatangazwa chini ya hali halisi, mpaka Shirika la Fedha la Kimataifa likatoa karipio rasmi mwaka 2013. Lakini uongo wa namna hiyo una ushahidi wa kukamatwa nao. Unaosambaa kila siku hauna hata nambari moja ya uongo.

Chukua neno "rekodi". Deni la taifa limevunja rekodi! Wiki hiyohiyo upande wa pili unatangaza kuwa makusanyo ya kodi yamevunja rekodi! Wote wamesema kweli. Bei zikipanda na watu wakiongezeka, karibu kila kiasi kinachohesabiwa kwa fedha za mwaka husika huvunja rekodi mwaka hadi mwaka: deni, kodi, mishahara, bajeti, akiba za benki. Ndiyo maana tunagawanya kwa Pato la Taifa, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka, au tunaondoa mfumuko wa bei kwanza. Mhariri anayeandika "rekodi" bila kugawanya kwa chochote hajampa msomaji habari, amempa hisia. Na hisia hiyo huchaguliwa: gazeti linaloipenda serikali huchukua kodi, lisiloipenda huchukua deni. Kaa na magazeti mawili ya mahasimu kwa mwezi mmoja, utaona ninachosema.

Mfumuko wa bei nitaupitia haraka kwa sababu nimeueleza mno. Kikapu cha bidhaa chenye bei ya 100 kikipanda asilimia 20 kinakuwa 120. Mwaka unaofuata kikipanda asilimia 5 kinakuwa 126. Mfumuko umeshuka, bei zimepanda. Waziri anayejivunia kushuka huko hajadanganya, na mama anayesema maisha yamezidi kuwa magumu naye hajadanganya. Tusiwagombanishe.

Hata hilo la kugawanya kwa Pato la Taifa lina shida ambayo vitabu huipita mbio. Aprili 2014 Nigeria ilibadilisha mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei na sura ya uchumi wake hutumiwa kama kipimo, kutoka 1990 hadi 2010, na Pato la Taifa la 2013 likapanda kwa asilimia 89 kwenye karatasi, kama dola bilioni 510, likaipita Afrika Kusini. Simu za mkononi na filamu, ambazo kizio cha zamani kilikuwa hakizioni vizuri, sasa zilihesabiwa. Uwiano wa deni nao ukashuka siku hiyohiyo bila kulipwa hata senti moja. Ireland nayo ilitangaza ukuaji wa asilimia 26 kwa mwaka 2015, kwa sehemu kubwa kwa sababu kampuni za kimataifa zilihamishia mali zao huko kwenye vitabu vya hesabu. Sisi wenyewe sekta isiyo rasmi tunaikadiria kwa tafiti za miaka iliyopita, kisha tunaivuta mbele kwa dhana. Napaswa kuyasema haya, maana anayekuonyesha nambari hadi desimali mbili anakuonyesha uhakika ambao sisi tunaozitengeneza hatuna.

Mtandaoni mambo ni hayohayo, ila yamepangwa na kulipiwa. Kampuni ya uhusiano wa umma ya Uingereza, Bell Pottinger, iliajiriwa Afrika Kusini na kampuni ya familia ya Gupta, matajiri waliotuhumiwa kunufaika na ukaribu wao na Rais Jacob Zuma wa wakati huo, na kati ya 2016 na 2017 ikaendesha kampeni dhidi ya "mtaji hodhi wa wazungu", yaani uchumi kushikwa na wazungu wachache, huku akaunti bandia zikiusambaza msemo huo. Septemba 2017 chama cha taaluma yao kikaifukuza, nayo ikaanguka. Watu wengi hulikumbuka kama tukio la habari za uongo. Lakini pengo la mali Afrika Kusini ni la kweli, tena ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani! Kilichofanyika ni kuyachukua machungu halali ya watu na kuyafanya ngao ya familia moja tajiri. Ungehakiki takwimu zote za kampeni ile usingeambulia kitu. Swali lilikuwa nani analipa ili tuzungumzie hili sasa, na ni jambo gani hatulizungumzii.

Aliyenitumia mchoro nilimrudishia mwingine. Sikuanzia sifuri tu, maana sifuri nayo huficha: pengo la asilimia 0.4 likidumu miaka mingi ni ajira nyingi sana. Nikamwekea miaka 20 yote. Akajibu kwamba huu hauonyeshi wazi nani wa kulaumiwa. Nikamwambia ndivyo takwimu hizo zilivyo.