Chevron Haikuwahi Kukanyaga Milimani

Kwenye hoja za mawakili wa Kenya aya ni ileile tena: Chevron, kanuni ya majaji kufuata tafsiri ya mamlaka za serikali, ilizikwa Marekani tarehe 28 Juni 2024 katika kesi ya Loper Bright, basi majaji wa korti za Milimani, Nairobi, waache kuheshimu maamuzi ya mamlaka za serikali. Wakili mwenzangu, matanga unayoweka ni ya marehemu ambaye hakuwahi kuishi hapa.

Chevron ya 1984 ilihusu tafsiri tu. Sheria ikiwa na utata, na mamlaka inayoisimamia ikaitafsiri kwa namna inayokubalika akilini, jaji aifuate hata kama yeye angeisoma vingine. Loper Bright, kesi ya wavuvi wa samaki aina ya herring waliopinga kulipia waangalizi kwenye boti zao, ikamrudishia jaji kazi ya kutafsiri. Hiari ambayo bunge lenyewe limeikabidhi mamlaka haikufutwa. Hata tafsiri ya mamlaka bado inasikizwa kwa uzito wa hoja zake, kama kesi ya Skidmore ilivyosema 1944. Sasa hiyo "imefutwa" yenu ni ipi?

Kwetu Kenya, unapopinga uamuzi wa mamlaka kortini, swali ni hili: umeingia kwa mlango upi? Ukija kwa Agizo la 53 la kanuni za mashauri ya madai, unaomba ruhusa kwanza, una miezi 6 ya kuomba uamuzi ufutwe, na jaji anakagua utaratibu: mamlaka ilikuwa na uwezo? Ulisikizwa? Ukija kwa ombi la kikatiba, Mahakama ya Juu ilishasema katika kesi ya Dande, 2023, kwamba korti inaweza kuingia hadi kwenye kiini cha uamuzi. Mtu anagonga mlango wa kwanza, anaomba vilivyo nyuma ya wa pili, kisha anamwita jaji mwoga.

Rufaa za ndani, zile za kwenye mamlaka yenyewe? Zimalize kwanza, au uombe kusamehewa chini ya kifungu cha 9(4) cha sheria ya 2015 inayotekeleza Kifungu cha 47 cha Katiba, kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala. Na kanuni za waziri, kabla ya kuhubiri mgawanyo wa mamlaka, angalia kama zilifikishwa bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa. Zisipofikishwa, zinakoma kuwa na nguvu muda huo unapokwisha.

Kinachonisumbua ni kifungu cha 7(2)(l) cha sheria hiyo ya 2015, kinachomruhusu jaji kupima kama uamuzi unalingana na haki uliyoigusa. Kupima kunaishia wapi, na kuamua upya kunaanzia wapi? Vitabu vinachora mstari. Kwenye hukumu siuoni.

Ukishinda, mara nyingi faili inarudi kwa afisa yuleyule. Kwa hivyo omba irudi na maelekezo ya korti pamoja na tarehe ya mwisho. Kifungu cha 11 cha sheria hiyohiyo kinaruhusu maelekezo, lakini nani ataandika usichoomba?